Tanuri Lililokataa Kupoa

Jua lilikuwa linazama Mwalimu Kanuni alipotumwa kufuata trei za mikate. Angejua kinachomngoja, angesema mgongo unamuuma.

Aliyemtuma ni shemeji yake, mjane wa kaka yake mkubwa. Alimpa ufunguo bila kumtazama usoni.

"Shemeji, mimi kule sijaweza kukanyaga tangu tumzike. Nikisikia tu harufu ya unga, miguu inaniishia nguvu. Niletee zile trei, nianze hata kuoka vikeki kwenye jiko la nyumbani. Watoto hawatakula machozi."

Jina la Kanuni alipewa na wanafunzi wake. Alikuwa mwalimu wa fizikia, na hakuweza hata kununua nyanya bila kusema kanuni inasema hivi, kanuni inasema vile. Kijiko kikianguka mezani, yeye anakueleza kwa nini kimeanguka kabla hajakiokota. Watu walimcheka, lakini walimheshimu. Mtu anayejua sababu ya kila kitu ni jirani mzuri.

Kiwanda cha mikate cha marehemu kilikuwa chumba kimoja kirefu mtaa wa pili, kati ya fundi viatu na duka lililofungwa. Kufuli lilikuwa limeanza kushika kutu, akahangaika nalo mpaka likakubali. Alitegemea kukutana na baridi ya chumba kilichofungwa muda mrefu, harufu ya majivu ya zamani, na panya wawili watatu wa kumkaribisha.

Alikutana na joto.

Joto zito, lililotulia, la chumba ambamo kazi inaendelea. Akasimama mlangoni. Pale palikuwa na meza ya kukandia unga, ndoo zimefunikwa, trei zimepangwa ukutani. Sakafu yote ilikuwa na vumbi jeupe la unga, na kwenye vumbi lile hapakuwa na wayo wa mtu. Alipogeuka nyuma aliona nyayo zake tu, zikitoka mlangoni hadi alipo.

Ukuta wa mwisho ndipo lilipokuwa tanuri. Tanuri la matofali, la kuni, mgongo wake umeinuka juu na mdomo wake umezibwa kwa mlango wa chuma. Akasogea. Akanyoosha vidole, akagusa ule mlango kidogo tu...

"Aah!"

Alinyonya vidole kama mtoto. Kisha akavua shati, akalizungusha mkononi, akafungua.

Ndani hapakuwa na kaa hata moja. Hapakuwa na majivu. Palikuwa safi na peusi, na joto lililotoka mle lilimkausha macho.

Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto. Kuhusu joto lisilo na moshi wala moto hawakuacha neno, au waliacha na hakuna aliyelikumbuka. Mwalimu Kanuni alibeba trei zake, akafunga mlango, akaondoka. Hakukimbia. Mtu mzima hakimbii ovyo barabarani. Alitembea tu kwa kasi ambayo ingemshinda anayekimbia.

Kwa shemeji yake hakusema kitu. Na hapo ndipo ujue kwamba kulikuwa na jambo, maana Kanuni akiona ajabu ndogo kuliko ile mtaa mzima hupata somo.

Jambo lenyewe ni hili.

Mwaka uliotangulia, maabara ya shule iliungua. Ilikuwa jioni kama hiyo. Mlinzi wa shule aliingia ndani ya moto, akatolewa akiwa hai, lakini mikono yake haikutoka kama ilivyoingia. Uchunguzi ukafanyika. Watu wakasema mlinzi alikuwa anachemsha chai yake mle ndani, akasahau. Mlinzi akasema yeye hana hata sufuria, ila aliona taa ya maabara inawaka, na anayefanya kazi mle jioni ni Mwalimu Kanuni. Kanuni akasema jioni ile alikuwa kwa kaka yake, anamsaidia kukanda unga. Kaka akaitwa aseme. Na kwa kuwa neno la mlinzi lilikuwa linapingana na la mwalimu, wakamtaka kaka ashike Kitabu Kitakatifu, aape.

Usiku wa kuamkia siku ile, ndugu wawili walikaa kwenye meza ya kukandia. Wote wawili waliujua ukweli, angalau ule ambao Kanuni alikuwa ameutoa: kwamba jioni ile alikuwa maabara, akaacha jiko la umeme linawaka chini ya chombo cha maji, akatoka.

"Mdogo wangu," kaka alisema, "mimi niseme uongo mkono ukiwa juu ya Kitabu? Si nitaungua?"

"Utaungua wapi, kaka?"

"Unajua pa kuungua."

Kanuni alicheka. Alikumbuka kicheko kile baadaye, na kila alipokikumbuka alitamani kukitema.

"Kaka, wewe ni mwokaji. Umewahi kuona moto unaowaka bila kulishwa?"

"Sijawahi."

"Basi. Moto wa milele unataka kuni za milele. Nani anazikata? Na chochote chenye joto kinalipoteza. Joto linahama, linakwenda penye baridi, kanuni ndiyo hiyo, na haijui hapa wala ahera. Jehanamu ingekuwepo, ingekuwa imeshapoa zamani. Hata mwili wenyewe, ukishaungua umekwisha, hakuna cha kuungua tena. Wametutisha tu, kaka, kama unavyomtisha mtoto asichezee kisu."

Kaka alibonyeza kidole kwenye unga, akatazama shimo likijaa taratibu.

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Kesho yake kaka akaapa. Damu nzito kuliko maji. Mlinzi akafukuzwa kazi, mikono imefungwa bendeji, na Kanuni akapewa maabara mpya. Kabla mwaka haujazunguka, kaka akaugua, akalala kitandani, na kila Kanuni alipokwenda kumwona alimkuta anamtazama kama anayetaka kuuliza kitu. Hakuuliza. Akafa hivyo.

Kwa hiyo Mwalimu Kanuni alipokutana na tanuri lile, hakufikiria majini wala wachawi. Alimfikiria kaka yake. Na usingizi ukamkataa.

Jioni iliyofuata alirudi na kipimajoto cha shule, kirefu, cha kioo, amekifunga ndani ya taulo. Alikitundika kwa waya ndani ya tanuri, akafunga mlango, akasubiri, akafungua, akasoma. Tanuri la matofali hutunza joto, hilo alijua. Linaweza kukaa na joto siku moja, mbili ukilifunga vizuri. Sasa lingekuwa linapoa, na kipimajoto kingesema hivyo, na yeye angelala.

Jioni ya pili yake kikasoma palepale. Na nyingine, palepale. Mvua ilinyesha, paa la bati juu ya tanuri likawa linatoa mvuke kama sufuria, joto linatoka na kutoka, na ndani halikupungua hata mstari mmoja.

Kitu kinachotoa joto mchana kutwa na hakipoi, kinalishwa. Hilo halikuhitaji mwalimu. Alitafuta waya wa umeme uliopita chini ya sakafu. Hakuna. Alipapasa ukuta wa fundi viatu kama kuna jiko upande wa pili. Ukuta ulikuwa baridi. Akapiga magoti mbele ya mdomo wa tanuri na tochi, akaingiza kichwa mpaka nyusi zikaanza kunuka kuungua. Alikuwa anatafuta kuni. Na huku anatafuta, wazo lilikuwa limekaa nyuma ya shingo yake, hataki kugeuka kulitazama... kwamba kuni anaijua. Kwamba alimzika mwenyewe, na akarusha udongo.

Ndipo aliposikia.

Shwaaa...

Mle ndani. Mbali kuliko ukuta wa tanuri ulivyokuwa mbali.

Shwaaa... tsss.

Na harufu ikaja. Gunia bichi juu ya tofali la moto.

Hakuwa na haja ya kujiuliza ni nini. Alikua akiisikia harufu hiyo kila alfajiri ya utoto wake, amelala juu ya magunia ya unga, kaka yake akilipiga deki tanuri kwa gunia lililoloweshwa, limefungwa kwenye mti mrefu.

"Kaka?" alinong'ona.

Deki ikanyamaza.

Tone moja la maji likaanguka mle gizani, likalia likikauka.

Kisha sauti, karibu kabisa, kavu, kama ya mtu mwenye kiu:

"Una hakika?"

Safari hii mtu mzima alikimbia. Fundi viatu alimwona akipita bila kiatu kimoja, akadhani ni mteja.

Siku zilizofuata Kanuni alifundisha kama mgonjwa. Somo lilikuwa joto, hakuwa na namna ya kulikwepa. Binti mmoja wa dawati la mbele akauliza kama kuna kitu kinachoweza kubaki cha moto daima. Darasa zima likageuka kusubiri ile sauti ya kanuni inasema. Mwalimu akawaambia wasome wenyewe, akatoka nje, akashika nguzo.

Kaka yake alikuwa mtu wa kuamka gizani ili watu wapate mkate wa asubuhi. Hakuwa na kosa lingine linalojulikana zaidi ya kumpenda mdogo wake kupita kiasi. Na sasa anaungua kwa kiapo ambacho hakikuwa chake. Kanuni akaamua kwenda kwa mlinzi, kumwombea kaka yake msamaha.

Lakini tazama ujanja wa moyo wa mtu. Njiani, kadiri alivyotembea, ndivyo alivyozidi kuyapanga maneno, na kadiri alivyoyapanga ndivyo yeye mwenyewe alivyozidi kutoweka ndani yake. Alipofika mlangoni kwa mlinzi, habari ilikuwa imebaki ya kaka peke yake: kwamba marehemu alichanganya siku, akaapa kwa kosa, na angependa asamehewe. Kaka angepoa, na Kanuni angebaki na kazi yake.

Mlinzi aliishi chumba kimoja nyuma ya karakana ya seremala. Alikuwa amekaa karibu na dirisha, kikombe cha chai amekishika kwa vifundo vya mikono, kwa kuwa vidole vilikuwa vimeshikana.

"Karibu, Mwalimu. Hicho kiti mguu wake mmoja mgonjwa, egemea upande wa pili."

Kanuni akaegemea upande wa pili. Akasema yote aliyoyapanga. Alisema vizuri, kwa utaratibu, kama anayefundisha. Mlinzi alimsikiliza akinywa chai yake kidogokidogo.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mzee wangu."

"Kaka yako alikuja hapa."

Kanuni akadhani hakusikia vizuri. "Alikuja lini?"

"Kabla hajalazwa. Alikuja na mkate. Akapiga magoti hapo ulipo, akaniambia, nimeapa uongo, mdogo wangu hakuwa kwangu jioni ile. Alilia, mtu mzima yule. Nikamwambia nimekusamehe. Nilimsamehe palepale, Mwalimu, kweli kabisa, wala haikuniuma. Tukaula ule mkate. Alinilisha kwa mkono wake, maana huu wangu unauona." Akaweka kikombe chini. "Alitaka tuongozane mpaka kwa mkuu wa shule. Mimi nikamzuia. Nikasema ngoja, mdogo wako atakuja mwenyewe. Mpe nafasi."

Upande wa pili seremala alikuwa anapiga msumari. Akaacha.

"Kwa hiyo kaka... alisamehewa?"

"Aliondoka hapa mwepesi. Alikuwa anapiga mluzi."

Mwalimu Kanuni alihisi mikono yake ikimwishia joto. Kama kaka alisamehewa, basi mle ndani haungui mtu. Basi kuni ni nani? Na hapo, kwenye kile kiti kigonjwa, mtoto aliyekulia juu ya magunia ya unga akakumbuka kile ambacho mwalimu wa fizikia alikuwa amekiruka. Tanuri la kuni halichomi mkate kwa moto. Moto unawashwa kwanza, peke yake, mpaka matofali yashibe. Kisha makaa yanatolewa yote. Majivu yanafagiliwa. Sakafu inapigwa deki kwa gunia bichi. Ndipo mkate unaingia.

Tanuri la moto, safi, lisilo na kaa, halijamaliza kazi. Liko tayari.

Siku zote hizo alikuwa anatafuta kuni. Mwokaji angeuliza mkate uko wapi.

"Mwalimu, una nini? Kunywa maji."

"Mimi ndiye niliyeacha jiko linawaka," alisema. Yalitoka bila kupangwa. "Nilitoka nje kidogo kupokea simu. Niligeuka nikaona moto."

"Najua. Kaka yako aliniambia, na wewe nilishakuweka kwenye msamaha uleule, nilikuwa nangoja tu uufuate. Mtu anasahau. Mimi niliingia kwa sababu niliona taa, nikajua uko ndani. Nilikuwa nakuita. Mwalimu! Mwalimu! Nikasema huyu amezidiwa na moshi, nikazidi kwenda mbele."

"Nilikusikia."

Mlinzi akamtazama.

"Nilikuwa nyuma ya ukuta wa stoo," Kanuni alisema, na sasa alikuwa analia wazi, kamasi na machozi, hajali. "Nilikusikia unaniita. Ningeitika tu, ungetoka. Nilisema nikiitika watajua nilikuwepo. Nikanyamaza. Uliita mara nyingi, mzee wangu. Nikanyamaza mpaka ukaacha."

Chai ilipoa kwenye kikombe, kama chai inavyopaswa kupoa.

"Hilo kaka yako hakuniambia."

"Hakulijua. Hakuna anayelijua."

Mlinzi alitazama mikono yake, upande mmoja, kisha upande wa pili, kama mtu anayekutana nayo upya.

"Nisamehe," Kanuni alisema.

"La jiko, limekwisha. Hili..." Alitikisa kichwa polepole. Hakuwa na hasira, na heri angekuwa nayo. "Hili limenifikia leo, Mwalimu. Nenda nyumbani. Nikiwa nalo la kukuambia, nitakutafuta."

Asubuhi yake Kanuni alikwenda ofisini kwa mkuu wa shule akasema yote, mpaka ukuta wa stoo. Aliambiwa akae nyumbani asubiri kuitwa. Mke wake alisikia kutoka kwake mwenyewe, na akahamia chumba cha watoto. Shemeji yake alisikia kutoka mtaani. Alimtumia ujumbe kwamba ufunguo abaki nao, trei zinatosha.

Jioni ikafika. Alikwenda.

Chumba kilikuwa na joto lake. Alipita juu ya nyayo zake za siku nyingi, akafungua mlango wa chuma, akavuta kile kipimajoto kwenye waya, akakisogeza dirishani penye mwanga uliobaki.

Kilikuwa kimeshuka. Mstari mmoja.

Akakigeuza, akakitazama tena. Mstari mmoja. Lakini aliwafundisha watoto miaka yote kwamba mstari mmoja ni kitu kidogo, ukiinamisha tu kichwa jicho linakudanganya. Akakiinua sawa na macho. Mwanga ulikuwa unakwisha, na hakuweza tena kuona.

Nyuma yake...

Shwaaa.

Tsss.

Harufu ya gunia bichi ikajaa chumba. Maji juu ya tofali la moto hulipoza kidogo, hilo kila mwokaji analijua. Na kila mwokaji anajua pia kwamba deki ndiyo kazi ya mwisho kabla ya mkate kuingia.

Mwalimu Kanuni aliligeukia tanuri. Mdomo wake ulikuwa wazi kama alivyouacha, na mle ndani giza lilikuwa linasogea mbele na nyuma, kwa mwendo wa mtu anayefanya kazi yake bila haraka.

"Kaka," alisema, na sauti yake ilikuwa ya yule mtoto. "Unanipozea? Au unaniandalia?"

Deki ikasimama.

Akasubiri jibu huku amesimama karibu mno, jasho linamtiririka, mkono mmoja umeshika ukingo wa tofali.

Kisha deki ikaendelea.